Njia ya Baiskeli Isiishie Kwenye Makutano

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwenye semina ya kamati za maendeleo za sharika



Mnakumbuka kuwa tuligawa baiskeli kwa wahudumu wa wagonjwa majumbani. Mwaka jana mmoja wao, mama wa watoto watatu, aligongwa na daladala mjini akiwa kwenye baiskeli hiyo. Alivunjika mguu. Alikuwa amefuata njia ya baiskeli kama tulivyomwelekeza, lakini njia hiyo inakwisha hatua chache kabla ya makutano. Tulitoa baiskeli bila kuuliza zitapita wapi. Kosa hilo ni letu pia.

Kasoro ya kwanza ndiyo hiyo. Katikati ya barabara baiskeli na gari huenda sambamba. Hatari huwa kubwa kwenye makutano, gari linapokata kona mbele ya mwendesha baiskeli. Njia inayoishia hapo inamwacha anapoihitaji zaidi.

Ya pili ni upana. Usukani wa baiskeli una takriban sentimita 60, lakini ikipakiwa magunia ya mkaa inafikia mita moja. Njia ya mita moja na nusu haitoshi wawili kupishana.

Ya tatu ni kutowafikiria wengine. Kando ya Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, njia za baiskeli zilijengwa pamoja na mradi wa mabasi yaendayo haraka, ulioanza huduma mwaka 2016. Pengine utakuta pikipiki zimeegeshwa humo, au meza za biashara. Mchuuzi asipotengewa mahali kwenye mchoro, atajitafutia.

Inawezekana kufanya vizuri. Mji wa Sevilla, Hispania, kuanzia mwaka 2006 ulijenga mtandao wa njia zilizoungana na kutengwa na magari kwa ukingo. Waendesha baiskeli wakaongezeka mara kadhaa kwa miaka michache.

Ndugu zangu, halmashauri yetu inaandaa michoro ya barabara mpya. Naomba kila kamati ihudhurie mkutano wa kata na kuuliza: Njia inavukaje makutano? Wawili wenye mizigo watapishana? Wachuuzi na bodaboda watakaa wapi? Kubadilisha mchoro ni rahisi kuliko kuvunja zege.