UZITO WA RISASI NA MNYAMA ANAYEWINDWA

(Maneno ya mwanafunzi wa zamani, sasa afisa wanyamapori, siku ya kukutana kwetu)



Mwenyekiti aliniomba niseme juu ya kazi yangu, akaniomba pia nisiwachoshe. Basi sitagusa sera wala mipango. Nitasema juu ya kitu kiingiacho mfukoni, nacho ni kichwa cha risasi na uzito wake.

Mfano wangu ni bunduki ya .30-06, ambayo risasi yake ilitengenezwa kwa ajili ya jeshi la Marekani mwaka 1906, na hata leo wawindaji wengi wenye leseni wanayo. Si ndogo wala si kubwa. Kwa tembo na nyati haifai; hao wanataka .375 au zaidi. Ganda lake ni moja, lakini vichwa vyake huuzwa kwa uzito mbalimbali: greni 150, 165, 180, hata 220. Greni 15 na nusu hivi ni gramu moja, kwa hiyo tunazungumza juu ya gramu 10 mpaka 14. Mtu atauliza, gramu nne ni kitu gani mbele ya mnyama wa nusu tani?

Vijana wa fizikia na washike kalamu. Greni 150 hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 890 hivi kwa sekunde, 180 kwa mita 820, na 220 kwa mita 730. Tafuteni nishati: nusu ya masi mara kasi mara kasi. Kwa zote tatu mtapata jouli 3,800 mpaka 3,900 hivi. Karibu sawa! Hesabu hiyo ndiyo iliyonidanganya nilipotoka chuo kikuu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa kumpiga pofu dume, kwa kibali, nyama iende kijijini. Stoo kulikuwa na maboksi ya aina mbili. Nikachukua 150, kwa kuwa huenda kwa mstari ulionyooka zaidi na teke lake begani ni dogo. Pofu alisimama hatua 80 hivi, ametuelekea kwa upande. Nikampiga begani. Akayumba, akaenda zake. Askari mzee niliyefuatana naye hakunigombeza, alisema tu: "Bwana Afisa, risasi yako imeishia mlangoni."

Tulifuata damu mpaka giza. Kesho yake tai ndio waliotuonyesha alipo, na fisi walikwisha kula. Bega lilikuwa limebaki. Tulipolipasua tulikuta vipande vya shaba na vya risasi (Kiswahili chetu huita madini na kitu chenyewe jina moja) vimetawanyika juu ya mfupa. Hakuna kilichofika kifuani. Mimi ndiye niliyekwenda kuwaambia akina mama waliokwisha kuinjika masufuria.

Kichwa chepesi chenye kasi kubwa kikigonga mfupa mnene kwa karibu hupasuka, na nishati yote huishia juu juu. Kizito kina upana ule ule, lakini ni kirefu zaidi. Uzito mwingi unasukuma nyuma ya ncha, nacho huzama. Hapa hesabu ya kufaa ni masi mara kasi, na 220 huizidi 150 kwa sehemu moja ya tano hivi.

Kwa hiyo mimi nasema: swala tomi au swala pala mbugani, 150 yatosha. Kongoni, nyumbu na punda milia, 180. Pofu, 180 iliyoundwa imara, au 220 vichakani ambako hupigi mbali. Mwenye fedha ya boksi moja anunue 180. Kwa mita 200 hushuka kuliko 150 kwa sentimita chache tu.

Siku hizi kuna vichwa vya shaba tupu. Havipasuki ovyo, hivyo 150 ya aina hiyo hufanya kazi ya nzito zaidi. Navipenda pia kwa ajili ya wale tai, maana vipande vya risasi ndani ya mizoga huwatia sumu.

Na wenye leseni mkumbuke: ukibadili uzito, bunduki ile ile hupiga mahali pengine. Jaribu tatu kwenye shabaha kabla ya kuingia porini.

Naona mwalimu wa fizikia amenyosha kidole. Karibu, Mwalimu.