Lori Limetoka Kutengenezwa, Haliwaki: Tusikimbilie Kununua Pampu

(Maongezi ya dereva wa lori la Chama mbele ya wanachama, ghalani. Yamenakiliwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuhudhuria.)



Nimepewa nafasi nieleze habari za lori, maana maneno yamekuwa mengi. Lori letu lilipelekwa mjini Singida kubadilishwa gasketi ya silinda hedi. Lilikwenda linatembea lenyewe, limerudi linavutwa. Stata inazungusha vizuri lakini injini haishiki. Fundi anasema pampu ya nozeli imekufa, tununue nyingine. Hapa ghalani alizeti imejaa hadi mlangoni, na pesa ya hiyo pampu itatoka kwenye makato ya kila gunia lenu. Basi naomba mnisikilize kabla hamjanyoosha mikono.

Pampu iliyokuwa inafanya kazi siku lori linaingia gereji haifi hivi hivi kwa kulala juu ya meza wiki mbili. Inaweza kuingia uchafu, sikatai. Lakini gari likikataa kuwaka baada ya kutengenezwa, tazama kwanza kilichoguswa. Silinda hedi ilifunguliwa. Mabomba ya mafuta yalifunguliwa. Pampu ilitolewa na kurudishwa. Tuanzie hapo.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche kama ya pikipiki. Pistoni inaibana hewa mpaka inakuwa ya moto sana, nozeli inarusha mafuta humo, nayo yanawaka yenyewe. Ndivyo alivyoibuni Mjerumani mmoja, Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifaulu mwaka 1897; jina lake ndilo tunalolitaja kila tukienda kununua mafuta. Kwa hiyo injini inadai mambo matatu: izunguke kwa kasi, ibane hewa, ipate mafuta kwa wakati wake.

Moshi ndio unaotuambia limekosekana lipi. Piga stata, mtu asimame nyuma atazame ekzosi. Ukitoka moshi mweupe, mafuta yanafika ila hayaungui: pengine taimingi imekosewa, pengine hewa haibanwi sawasawa, pengine ni baridi tu, na asubuhi zetu za Juni na Julai mnazijua. Usipotoka moshi kabisa, mafuta hayafiki. Lori letu halitoi moshi hata kidogo.

Sasa kabla ya kusema pampu, kuna mambo madogo. Ile nyenzo ya kuzimia injini, pale kwenye pampu, je, imerudi mahali pake au imebaki kwenye kuzima? Ikibaki hapo utapiga stata mpaka jua lizame. Mabomba mawili, la kuleta mafuta na la kurudisha tangini, hayakubadilishana? Mimi nimeyaangalia hayo, yako sawa.

Linabaki la hewa. Ndugu zangu, mabomba yakishafunguliwa hewa huingia, na hewa si kama mafuta. Pampu ikisukuma mafuta, nozeli inafunguka kwa nguvu kubwa, zaidi ya kilo 150 kwa kila sentimita moja ya mraba. Ikisukuma hewa, ile hewa inajikunja tu na kujikunjua, nozeli haifunguki. Ndipo mtu husema pampu imekufa, kumbe gari limechukua hewa.

Kuitoa si uganga. Unajaza mafuta safi tangini, yaliyochujwa, maana mafuta ya mapipa huwa na maji na vumbi letu hili. Unalegeza skrubu ya juu ya chujio, unapiga ile pampu ndogo ya mkono mpaka mafuta yatoke bila mapovu, unakaza. Halafu skrubu ya pampu ya nozeli, vivyo hivyo. Mwisho unalegeza nati za mabomba kule kwenye nozeli, nusu mzunguko tu, mwingine anapiga stata mpaka mafuta yaruke, unakaza moja moja. Stata ipigwe sekunde 15, ipumzike dakika nzima, la sivyo tutaunguza stata nayo tuanze kuichangia. Na mtu asitie kidole mbele ya mafuta yanayoruka kwa nguvu! Yanapenya ngozi kama sindano, na jeraha lake ni la kukimbizwa hospitali hata kama linaonekana dogo.

Mapovu yasipokwisha, kuna mahali panavuta hewa. Mimi nashuku washa za shaba. Zilizokwisha kubanwa mara moja huwa ngumu, hazizibi tena. Mpya ni bei ndogo. Zikikosekana, ya zamani huchomwa mpaka iwe nyekundu ikatumbukizwa majini, inalainika upya.

Hewa ikiisha na moshi mweupe ukaanza, lakini injini bado haishiki, hapo tutamwita fundi tumwulize habari za taimingi. Injini huzunguka mara mbili pampu ikizunguka mara moja. Maana yake ile alama ya kwenye puli inafika juu mara mbili, na moja ya hizo si yenyewe. Hufunguliwa kifuniko cha juu, zikatazamwa valvu za silinda ya kwanza: zote mbili ziwe zimefungwa, roka zina nafasi. Nafasi hiyo nayo ipimwe, kwani valvu zikibanwa mno hazifungi na hewa haibanwi.

Vijana wameshauri tulivute na trekta mpaka liwake. Hapana. Kama taimingi ya valvu imekosewa, pistoni zitagonga valvu, na hapo tutaongea habari ya injini nzima. Wengine wanasema tumwagie petroli kwenye njia ya hewa. Hiyo nayo hapana, inavunja ringi.

Naomba hivi. Uamuzi wa pampu ungoje mpaka Jumatatu. Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa hapa na lita 20 za mafuta na washa mpya; Mweka Hazina amekubali kuzitoa. Betri mbili zipelekwe kuchajiwa Ijumaa. Nahitaji watu wawili, mmoja wa kupiga stata na mmoja wa kushika spana, na mjumbe mmoja wa Bodi ashuhudie. Ikiwa mafuta safi yatafika kwenye pampu bila povu, na kule kwenye nozeli hayaruki, basi nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono inunuliwe. Ila kabla ya kununua, hii ya zamani ifunguliwe ipimwe kwenye mashine ya kupimia pampu, na karatasi ya majibu ibandikwe hapa ukutani.