Pikapu ya Kuze: Iinuliwe Kiasi Gani, Ivae Tairi Gani?

Makala haya yanajibu swali ambalo mafundi wa gereji huulizwa kila mara: pikapu iinuliwe kiasi gani, na itiwe tairi za saizi gani? Aghalabu jibu huanzia kwenye sura ya gari, au kwenye ile safari ngumu ya mara moja kwa msimu. Nashikilia kwamba lianzie kwenye mzigo na njia za kila siku. Kwa pikapu inayolala Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa, na kushinda baina ya Marikiti, Kibokoni na Bandari ya Kale, inayofaa ni springi zinazolingana na mzigo wake, shokabsoba nzima, na tairi za saizi ya asili au zinazoizidi kidogo tu.

Wengi huamini kwamba kuinua springi kunaliepusha gari na mawe. Ni kweli nusu. Ekseli ya nyuma ya Hilux au Isuzu D-Max ni chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na difu imo ndani yake. Springi zimekaa baina ya ekseli hiyo na chesisi. Ukizipandisha sentimita 5, bodi na chesisi hupanda, difu husalia pale pale. Kinachoipandisha difu ni tairi, tena kwa nusu tu ya kimo kilichoongezeka. Tairi ya 265/70R16 ina kimo cha takriban milimita 777, na ya 285/75R16 takriban 834. Tofauti ni milimita 57, kwa hivyo difu hupanda kama 28. Hazitimii hata sentimita 3.

Sasa tutazame bei ya sentimita hizo. Mzingo wa tairi umezidi kwa asilimia 7, basi gari lenye mzigo wa saruji huwa zito kuondoka na klachi huumia. Mita ikisoma 80, mwendo wa kweli ni karibu 86. Breki ni zilezile, lakini tairi kubwa huzipunguzia nguvu ya kulishika gari. Hapa kwetu, hata hivyo, zito kuliko yote ni kona. Tairi pana hugusa matgadi usukani ukikatwa hadi mwisho, na mara nyingi dawa huwa ni kuuzuia usukani usifike mwisho. Kona iliyokuwa ikikatwa kwa mkupuo mmoja, baina ya pembe ya nyumba na baraza ya jirani, sasa inataka kurudi nyuma na kuanza tena, na mikokoteni imesimama inangoja. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Hakuna atakayezibomoa nyumba hizo ili magari yapate nafasi, wala hapana haja.

Uzito mwingine ni wa roho za watu. Mwaka 2023 taasisi ya IIHS ya Marekani ilichapisha uchunguzi kuhusu watembea kwa miguu wanaogongwa: magari yenye boneti ya zaidi ya inchi 40, yaani kama sentimita 102, yana uwezekano wa kuua uliozidi kwa takriban asilimia 45 ule wa magari yenye boneti ya chini iliyoinama. Mtu atasema Kuze hakuna mwendo wa kuua. Lakini kwa mwendo wa pole hatari ni kutoona, na kila sentimita ya boneti inazidi kumficha mtoto anayevuka mbele ya bampa akitoka chuoni.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la wanaopeleka bidhaa nje ya kisiwa, hadi mashamba ya Ganze au Delta ya Tana. Hao wana haja ya kweli. Hata hivyo, kwenye mchanga, kupunguza upepo kutoka psi 35 hadi kama 20 huurefusha wayo wa tairi na kufanya kazi ambayo wengi huinunulia tairi kubwa. Sharti mtu aende pole na awe na pampu ya kujazia kabla ya kurudi kwenye lami. Kwenye tope, meno ya tairi yana faida kuliko kimo. Na gari linalochuchumaa nyuma likipakiwa linadai springi zenye nguvu, ambazo hulirudishia kimo lilichopoteza. Lakini hazimpi mwenyewe ruhusa ya kuzidisha uzito uliowekwa na mtengenezaji.

Anayeamua bado kuinua asivuke sentimita 5, apime alaimenti siku hiyohiyo, na akague pembe za jointi za ekseli za mbele, kwani zikipinda sana huchakaa na mipira yake hupasuka. Kisha ainame nyuma. Hilux nyingi zina fimbo nyembamba inayounganisha ekseli na vali ya breki, inayopima mzigo kwa kimo cha gari. Gari likiinuliwa na fimbo isirekebishwe, vali hudhani halina mzigo na kuzipunguzia breki za nyuma nguvu, hata likiwa limejaa magunia.