MAMA NA MTOTO MCHANGA

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa jubilei, Kivukoni, Dar es Salaam

Tumepewa nafasi ya kusema neno katika siku hizi za jubilei, na wengi walidhani ya kuwa tutasimulia habari za majengo na za watu waliotutangulia. Habari hizo ni njema, nazo zitasemwa na wengine. Sisi, ambao baadhi yetu ni wakunga waliokwisha kustaafu na baadhi ni walimu, tumeona afadhali tuseme juu ya jambo moja tu, yaani mama anayejifungua na mtoto anayezaliwa. Maana jubilei ni hesabu ya miaka, na miaka ya mtu huanza kuhesabiwa siku ile anapozaliwa. Lakini wako wasiojaliwa kupata hata siku moja ya kuhesabu.

Tazameni mahali tulipo. Kivukoni imepata jina lake kwa kivuko cha kwendea Kigamboni. Katika pwani hii hii, mwendo mfupi kutoka hapa, ipo hospitali ya Ocean Road ambayo Wadachi waliifungua mwaka 1897. Zamani zile ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa mali ya Sewa Haji, mfanyabiashara mashuhuri wa Bagamoyo. Mwaka 1956 ikafunguliwa hospitali ya Princess Margaret, ambayo leo twaiita Muhimbili. Baada ya uhuru akina mama wengi wa mji huu walijifungulia Ocean Road, hata leo wako watu wazima wajisifuo kwamba walizaliwa penye upepo wa bahari. Tangu mwaka 1996 nyumba ile ni taasisi ya kutibu saratani, na kazi ya kuzalisha imekwenda Muhimbili, Amana, Temeke, Mwananyamala na vituo vingine vingi. Basi nyumba za kujifungulia tunazo. Lakini nyumba haimzalishi mtu. Anayemzalisha ni mkunga, na kazi yake ikiwa njema mama na mtoto hurudi nyumbani pamoja.

Twaomba ruhusa kuwaeleza jambo lililotupata sisi wenyewe. Alikuwako jirani yetu mmoja, mama mwenye kuuza chakula karibu na soko la Kariakoo. Jina lake hatutalitaja, wala hatutataja mahali alipojifungulia, kwa kuwa hatukuja kumshitaki mtu. Uchungu wake ulianza usiku. Nyumbani wakasema, na tungoje kupambazuke, kwani uzazi wa kwanza ulikwenda vizuri. Alfajiri wakatafuta bajaji, wakafika. Mkunga aliyekuwa zamu alikuwa na kina mama wengi wa kuwatazama, naye alikuwa peke yake na msaidizi mmoja. Mtoto akazaliwa salama, akalia, watu wakafurahi. Mama akalazwa juu ya kanga zake. Akasema anasikia baridi. Akafunikwa kanga nyingine. Kumbe damu ilikuwa ikitoka polepole, na kanga zikaimeza yote, mtu asiione. Ilipotambulikana, mwili ulikuwa umekwisha kulegea. Ikatakiwa damu ya kumwongeza, nayo haikuwapo ya kutosha; sisi majirani tulipofika tayari kutoa yetu, saa ilikuwa imepita. Mchana ule tulikwenda kumhifadhi. Mtoto yu hai, analelewa na bibi yake, naye sasa anasoma darasa la awali. Kila tumwonapo akipita na mkoba wake twakumbuka zile kanga.

Katika habari hiyo mnaona machelewo matatu. La kwanza ni la nyumbani: kuchelewa kuamua. La pili ni la njiani: kuchelewa kufika. La tatu ni la hospitali yenyewe: kuchelewa kuhudumiwa ipasavyo. Kwa miaka mingi tulihubiri juu ya mawili ya kwanza tu. Tuliwaambia watu, nendeni kliniki, msijifungulie nyumbani. Nao watu wakasikia. Katika uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2015 na 2016, kwa kila uzazi 100 nchini, 63 ulikuwa katika nyumba za afya. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuwa 81. Tena kwa hesabu ya chunguzi hizo hizo, vifo vya akina mama vilishuka kutoka 556 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai mpaka 104. Ni shangwe kubwa, nasi twawashukuru wote waliotaabika.

Lakini sikilizeni hesabu ya pili. Watoto wachanga waliokufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja walikuwa 25 kwa kila 1,000 katika uchunguzi ule wa kwanza. Katika ule wa pili walikuwa 24. Miaka ilipita, na karibu hakuna kilichobadilika. Hii yatuonyesha ya kuwa kumfikisha mama mlangoni ni nusu ya safari. Nusu ya pili imo ndani ya mlango, na humo ndimo tutakamosema zaidi leo.

Tuanze na damu. Mtu aliyezoea kazi hii atawaambia ya kuwa jicho hudanganya. Damu iliyomwagika sakafuni huonekana nyingi, na ile iliyonywewa na nguo huonekana haba. Kwa sababu hiyo wataalamu walijaribu njia iliyo nyepesi: baada ya mtoto kuzaliwa, mama hutandikiwa shuka la plastiki lenye mfuko na mistari ya kipimo, kama kibaba cha sokoni. Damu ikikaribia nusu lita, mkunga hangoji tena. Papo hapo huusugua mji wa mimba, humpa mama dawa ya kuukaza, na dawa ya kuzuia damu, na maji ya mshipani, na kumchungua apate kujua inatokea wapi. Yote kwa pamoja, si moja moja kwa kungojea. Jaribio hilo lilifanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania yetu, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2023: mabaya makubwa yatokanayo na kutoka damu yalipungua kwa sehemu 60 katika 100. Sisi twapenda kusema, haraka haraka haina baraka. Lakini penye damu ya mzazi, haraka ndiyo baraka yenyewe.

Pamoja na damu liko adui jingine, kifafa cha mimba. Huyu huja kwa hila: kichwa kuuma sana, macho kuona giza, uso na mikono kuvimba. Kipimo cha mshipi wa mkononi na cha mkojo humfunua mapema, tena iko sindano ya kumzuia. Ndiyo sababu twasema kliniki si mahali pa kupigiwa muhuri kwenye kadi. Mama akirudi kliniki bila kupimwa mbano wa damu, na aulize kwa adabu, "Je, mimi sijapimwa?" Kuuliza hivyo si utovu wa heshima.

Sasa tumtazame mtoto. Wengi huzaliwa wakalia wenyewe; wachache hawalii. Kwa hao kuna dakika moja, ambayo wakunga huiita dakika ya dhahabu. Katika dakika hiyo mtoto akaushwe, asuguliwe mgongo, na asipopumua apuliziwe hewa kwa mfuko na barakoa. Kazi hii yaonekana rahisi, lakini mkono usiozoea hutetemeka. Kwa hiyo katika hospitali 30 za mikoa mitano, Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, wakunga walipewa wanasesere wa kujifunzia, wakafanya mazoezi mafupi mara kwa mara hapo hapo wodini, wakapewa na vyombo vya kusikilizia moyo wa mtoto angali tumboni. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2025, vifo vya watoto vya siku ya kwanza vilikuwa vimepungua kwa sehemu kama 40 katika 100. Walimu mliopo hapa hamtashangaa. Ninyi mwajua ya kuwa mtoto hajui hesabu kwa kufundishwa mara moja kwa mwaka.

Na wale wazaliwao kabla ya siku zao, tunaowaita njiti? Desturi ilikuwa kuwatenga na mama zao mpaka wapate nguvu. Mwaka 2021 yakatangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika nchi tano, nayo Tanzania ni mojawapo, kwa kazi ya Muhimbili, hapa hapa mjini kwetu. Watoto waliowekwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, walikufa wachache kwa robo kuliko wale waliongojeshwa kwanza. Bibi zetu walijua thamani ya mgongo na kanga. Elimu imetuongezea kifua. Baba pia ana kifua, naye asione haya.

Liko neno la tatu, nalo ni moyo wa mhudumu. Mama akitukanwa leba, hatarudi. Tena atawaambia wenziwe wasiende. Katika Korogwe ilifanywa kazi iliyoitwa Staha: wanakijiji na wahudumu walikaa pamoja wakaandika mapatano, mama atazamie nini na muuguzi atazamie nini, na matusi na dharau vikapungua. Twapenda neno "pamoja". Maana mkunga naye ni mtu. Akiachwa peke yake na wazazi wengi usiku kucha, hata aliye mwema huchoka akawa mkali. Katika hospitali ya Mnazi Mmoja ya Unguja wakunga na madaktari walishirikishwa kutunga kijitabu kidogo cha kutia mfukoni, kinachowaongoza wanapokuwa wachache na kazi ni nyingi. Watoto waliozaliwa wakiwa wamekufa walipungua kutoka 59 kwa kila 1,000 wakawa 39. Baadaye kazi hiyo ililetwa katika hospitali tano za Dar es Salaam. Haikujengwa nyumba mpya. Wahudumu walisikilizwa, wakafundishwa kwa kipimo cha hali yao.

Basi sisi tufanyeje? Tusije tukaondoka hapa tukiwa tumesikia tu.

Kwanza, kila nyumba yenye mama mjamzito ifanye shauri mapema: atajifungulia wapi, nani atakwenda naye, usafiri gani, na akiba kiasi gani. Iko namba 115 ya mpango wa m-mama, ambao mwaka 2022 ulianza kuenezwa nchini, kwa ajili ya kumsafirisha mama au mtoto mchanga aliye hatarini. Namba hiyo iandikwe ukutani. Uchungu ukianza usiku, usiku ndio wa kuondoka.

Pili, damu. Vikundi vyetu vya vijana na vya akina baba viende kutoa damu kwa zamu, wanaume kila miezi mitatu na wanawake kila miezi minne, wakiwa wazima wa afya. Damu isiyokuwapo siku ile ya jirani yetu ilipaswa kutolewa na sisi wiki moja kabla. Hili latuuma mpaka leo.

Tatu, walimu. Fundisheni dalili za hatari darasani kama mnavyofundisha jedwali: kutoka damu, kichwa kuuma sana, homa kali, mtoto kutocheza tumboni, na kwa mtoto mchanga, kukataa kunyonya, kupumua kwa shida, mwili kuwa wa baridi au wa moto. Mtoto wa darasa la tano aweza kuwa ndiye pekee nyumbani azijuaye. Tena wasichana na wakae shuleni. Mimba ya utotoni ni hatari kwa mama na kwa mwana.

Nne, wazee. Mama akifa, au mtoto akizaliwa amekufa, tusiseme tu, ndivyo ilivyoandikwa, tukafunga mlango. Hospitalini hukaa kikao kuchungua kifo cha mzazi, si kwa kumtafuta wa kufungwa, bali kutafuta palipovunjika. Nasi katika mitaa yetu tuulize vivyo hivyo: tulichelewa wapi? Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tano, tuketi na viongozi wa kituo chetu cha afya, tuwaulize wanakosa nini. Huenda ni taa, huenda ni mapazia ya kuwasitiri wazazi, huenda ni mtu wa tatu wa zamu ya usiku. Mengine tutayaweza kwa michango yetu. Mengine tutayaomba kwa Serikali, tukiyataja kwa majina, si kwa kunung'unika barazani.

Ndugu zetu, wakati wa jubilei watu hupenda kujenga mnara wa kumbukumbu. Hatuukatai. Lakini ikiwa mwaka huu, katika mtaa mmoja tu wa Kariakoo, mama mmoja aliyekuwa apotee atarudi nyumbani akimpakata mwanawe, hiyo itatutosha kuwa kumbukumbu. Na yule mtoto mwenye mkoba, atakapokua akatuuliza mama yake alikufaje, tumweleze yote pasipo kumficha, kisha tumwonyeshe kazi tuliyoifanya baada yake.