MAMA YETU MWENYE UFUNGUO
Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, Muheza



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii. Mwaka 2015 tulikaa chini ya mwembe wanawake 22, tukiwa na sanduku la mbao, daftari moja na hisa ya shilingi 2,000. Taarifa ya fedha ataisoma Mweka Hazina, tena ameshatuonya tusimwibie maneno. Sisi tumepewa kazi ya kueleza historia. Na historia ya kikundi hiki huwezi kuieleza ukamwacha Mama.

Mama tunayemsema ni mama mzazi wa Mwenyekiti. Alituzaa sisi watoto watano, halafu uzeeni akajipatia watoto wengine 21 wa daftari. Kwa hiyo tukisema "sisi", msihangaike kuuliza ni sisi gani. Wote ni wake. Umri wake kitambulisho kinasema alizaliwa mwaka 1940. Yeye anasema kitambulisho siku hiyo hakikuwapo, kitajuaje?

Siku ile chini ya mwembe Mama hakuja kujiunga, alikuja kutupinga. Alikaa juu ya kigoda chake mwenyewe, kwa sababu mabenchi ya watu, alisema, yana kunguni wa watu. Katibu akafungua kikao kwa kutukumbusha kwamba akiba haiozi. Mama akadakia: "Haiozi? Waulizeni panya." Kikao kikavunjika kwa kicheko, ikabidi tuanze upya.

Lakini jamani, Mama hakuwa anatania. Baba yake alikuwa mkata mkonge enzi za kipande. Kwa wasiojua, kipande kilikuwa kadi ya siku thelathini za kazi. Siku ikitimia inawekwa alama, na siku isiyokuwa na alama hailipwi, hata kama mgongo unakuuma. Mama alikua akimwona baba yake kila jioni akihesabu alama zake mwenyewe, hasubiri kuhesabiwa. Na bibi yetu mzaa mama alifukia fedha ndani ya chungu nyuma ya jiko, hakumwambia mtu. Mwaka 1966 nchi ikaanza kutumia shilingi yake, na zile za Afrika Mashariki zikaja kuondolewa. Bibi alipofukua chungu chake, noti hazikupokelewa tena dukani. Mama anasema siku hiyo uji uliiva kwa moto wa noti.

Basi kutoka kwa wazazi hao wawili Mama alitoka na masharti mawili: fedha yako ihesabu mwenyewe, na usiiweke yote mahali pamoja. Alikubali kujiunga kwa sharti la tatu, kwamba katika funguo tatu za sanduku, mmoja aushike yeye. Akaufunga kwenye uzi shingoni, akalala nao, akaoga nao, akaenda nao shambani kwenye machungwa.

Mama hajui kusoma. Kila aliponunua hisa, alirudi nyumbani akachora mstari wa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Tulimcheka sana. Mwisho wa mwaka wa kwanza, siku ya kugawana, daftari likasema Mama ana hisa 46. Mama akasema ukuta una 47. Mweka Hazina wa wakati ule akasema ukuta si kitabu cha hesabu. Mama akafunga kanga, akakaa juu ya sanduku lenyewe, akasema hagawani mtu mpaka ukuta usikilizwe. Tukapekua ukurasa kwa ukurasa, tukikaribia magharibi tukaikuta ile hisa moja imegongwa muhuri kwa jirani yake. Tangu siku hiyo kila mwanachama anahesabu mihuri yake kwa sauti kabla sanduku halijafungwa. Wageni wanatusifu kwa utaratibu huo na kutuuliza tulifundishwa na nani. Tulifundishwa na ukuta.

Mwaka mwingine mjukuu wake akapaka jiko chokaa kwa ajili ya Idi. Alitaka kumfurahisha bibi yake, masikini. Mama alipoingia akasimama, akakaa chini, akalia: "Wameniunguzia benki!" Katibu akaitwa usiku na daftari lake, akasoma, na mjukuu akachora upya mistari 31 juu ya chokaa nyeupe. Mama akasema sasa inaonekana vizuri zaidi, benki imekuwa ya kisasa.

Faini nayo hakumwachia mtu. Afisa mmoja alikuja kututembelea, akachelewa saa nzima. Kabla hajafungua mdomo Mama akamnyooshea kiganja: "Mwanangu, shilingi 500." Akalipa, tena akaomba chenji. Mama akamwambia kikundi hiki hakitoi chenji kwa waliochelewa.

Ndugu zetu, sasa tuseme na hili lingine. Siku moja ufunguo wa Mama ulipotea. Tulisubiri, tukatafuta chini ya mabenchi, Mama mwenyewe ndiye aliyeongoza msako na kuwalaumu panya. Ufunguo ulikuwa shingoni kwake. Tulicheka mpaka machozi. Mara ya pili tulicheka kidogo. Mara ya tatu hatukucheka, kwa sababu alituuliza ule uzi ni wa nini.

Tangu hapo akawa anasahau zaidi. Analipwa gawio lake leo, kesho anakuja kudai. Anamwita Katibu kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Wako waliosema kwa nia njema kabisa kwamba Mama alipwe hisa zake apumzike, maana kila mkutano anatuchelewesha. Wako waliosema mtu hafukuzwi kwa sababu ya uzee.

Katikati ya mjadala huo, Oktoba 2024, Benki Kuu ikatangaza kwamba noti za zamani, zilizotolewa tangu mwaka 1985 mpaka 2003, pamoja na ile ya shilingi 500 ya mwaka 2010, zinaondolewa. Za kubadilisha zibadilishwe kuanzia tarehe 6 Januari mpaka tarehe 5 Aprili 2025. Baada ya hapo ni karatasi tu. Tulipoisikia redioni wengi wetu tulifikiria jambo moja. Mama siku zote alikuwa akisema ana "fedha yake ya sanda", na hatamsumbua mtu siku ya kuzikwa. Aliiweka wapi? Alipoulizwa alisema, "Mahali pazuri." Akatabasamu. Hakumbuki.

Kumbe kile chungu cha bibi kilikuwa kinarudi.

Jumamosi nne mfululizo wanakikundi walikuja nyumbani kwake. Hakuna aliyeagizwa. Mama akawapokea kwa chai, dakika kumi baadaye akawaita wezi, halafu akawaongezea chai. Tulitafuta chini ya mtungi, ndani ya kopo la maziwa, nyuma ya picha ya harusi. Tulipata shanga, risiti za mazao, jino la mtoto wa kwanza, na biskuti tatu ambazo hata panya walizikataa. Jumamosi ya nne mmoja wetu akaegemea mto wa usufi, akasema mbona mto huu unanong'ona? Tukafumua. Shilingi 213,700, zimekunjwa moja moja kama vocha, kila moja imefungwa uzi.

Mweka Hazina na mjukuu wakaenda nazo benki, wakarudi na noti mpya. Mama akazinusa. Akasema: "Hizi bado hazijafanya kazi." Halafu akatutazama mmoja mmoja, akauliza: "Mlikuja wote hawa kwa ajili yangu?" Siku hiyo alitukumbuka majina, karibu wote.

Kikao kilichofuata sisi tuliozaliwa naye tulitoka nje ili watu waseme bila kutuonea haya, na Makamu akaongoza. Uamuzi uko kwenye muhtasari. Mama anabaki mwanachama. Kila mkutano Katibu atamsomea hesabu yake kwa sauti, hata akiuliza mara tano. Kila hisa itachorwa ukutani kwake kama zamani. Fedha ya sanda imeandikwa ukurasa wake peke yake, na wajuao ni watatu. Ufunguo tuliona apewe mwingine, tukabadilisha na kufuli. Hatukumdanganya, tulimweleza. Akaushika ule wa zamani shingoni, akasema: "Basi huu umestaafu. Na mimi nimestaafu nao."

Wenzetu, kwa miaka kumi tumejisifu kwamba kikundi ni sanduku. Mama ametuonyesha kwamba sanduku ni nusu tu. Fedha ya mtu mmoja anayoijua peke yake inaweza kufa naye, au kufa kabla yake. Mtu akianza kusahau, wenzake ndio wanaoshika alichokuwa anakumbuka. Kwa hiyo tunaomba kila mwanachama, kabla mwaka huu haujaisha, aandikishe kwa Katibu jina la mrithi wake. Halafu arudi nyumbani akakae na mzee wake. Amwulize fedha iko wapi, shamba linaishia wapi, nani anamdai na yeye anamdai nani. Amwulize taratibu, na avumilie akiitwa mwizi. Chai itafuata.

Mama yupo pale mbele, kwenye kigoda chake. Na kwa kuwa leo nayo imeandikwa kama siku ya mkutano, azimio ni azimio. Mama, shikamoo. Mwaka huu una hisa 38. Deni huna. Fedha yako ya sanda ipo salama, na hatuna haraka nayo hata kidogo.

Kina mama hoyee!