KWANZA MAJINA: DOLA IKIUA RAIA, NANI ANAJIBU?

Hotuba kwa vijana wa kata ya Buzebazeba, Kigoma Mjini, Desemba 2025

  

 Nimeombwa nizungumzie uwajibikaji. Neno hili wanasiasa tumelitumia mpaka limechakaa, kwa hiyo leo nalishusha mpaka liwe swali moja tu: dola ikiua raia, nani anajibu?

Naanzia ng'ambo ya ziwa. Wengi humu mna shangazi, mjomba au shemeji Uvira, Baraka au Kalemie. Desemba 2025 Uvira iliingia mikononi mwa M23, na watu wakakimbilia Burundi kwa maelfu. Vita ya kule siku hizi si ya bunduki peke yake, ina droni, hizi ndege zisizo na rubani. Anayebonyeza kitufe yuko mbali, hata sura haonekani. Raia akifa, kila upande unasema si sisi, au unasema aliyekufa alikuwa adui. Mama aliyezika mtoto hajui hata amshitaki nani.

Mtasema basi, hapo hakuna la kufanya. Hapana, lipo. Tazameni Somalia. Jeshi la Marekani lilikuwa linasema mashambulizi yake ya angani hayaui raia. Machi 2019 Amnesty International ikatoa ripoti: wamechunguza mashambulizi matano tu, wakakuta raia 14 waliouawa. Mwezi uliofuata jeshi likafungua mafaili yake, likakiri shambulio jingine kabisa, la Aprili 1, 2018 karibu na El Buur, lililoua raia wawili, mwanamke na mtoto. Mwaka 2020 likaanza kutoa taarifa ya raia waliodhurika kila baada ya miezi mitatu.

Tazameni Nigeria. Desemba 3, 2023, kijiji cha Tudun Biri, jimbo la Kaduna, watu wako kwenye Maulid. Droni ya jeshi ikawapiga. Mamlaka ya maafa ilihesabu watu 85 waliozikwa. Jeshi lilikiri siku iliyofuata na kuomba radhi.

Sisemi huko haki imetendeka. Kukiri si kulipa, na kuomba radhi hakumrudishi mtu. Ila angalieni mlango ulifunguliwa na nini. Watu walikwenda kuhesabu, kaburi kwa kaburi, jina kwa jina. Mwenye bunduki anaweza kubisha hotuba siku nzima. Kubisha orodha ya majina ni kazi ngumu.

Sasa turudi nyumbani. Eti Tanzania hatuna hilo tatizo, maana hakuna droni inayotupiga? Jamani, kwa aliyekufa, risasi na kombora ni kitu kimoja.

Nataka mkumbuke mwaka 2018. Septemba 20, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Ukerewe. Serikali ilihesabu. Kila siku tulitangaziwa idadi mpya mpaka ikapita 220. Bendera zikashushwa nusu mlingoti, waliohusika wakakamatwa. Ilikuwa sawa kabisa, na ndivyo inavyotakiwa.

Mwezi mmoja baadaye, Oktoba hiyo hiyo, yakatokea ya Mpeta, Uvinza, hapa hapa mkoani kwetu. Polisi na wafugaji. Zitto Kabwe akasimama mbele ya waandishi akasema taarifa alizonazo ni kwamba wameuawa zaidi ya watu 100, akaitaka serikali ichunguze. Serikali ikakanusha. Je, iliunda tume ya wazi ikatuonyesha hesabu yake jina kwa jina? Haikuunda. Ilimfungulia aliyeuliza kesi ya uchochezi Kisutu. Mei 2020 alitiwa hatiani, akaachiwa kwa masharti, mwaka mzima asitoe kauli za uchochezi.

Mmeona tofauti? Serikali ni ile ile, mwaka ule ule, hata miezi imefuatana. Chombo kikizama, dola inajua kuhesabu. Dola yenyewe ikishika bunduki, hesabu inageuka kuwa jinai. Kwa hiyo mtu asitudanganye kwamba kuhesabu ni kugumu.

Na sasa tuna Oktoba 29. Intaneti ikazimwa, watu wakauawa. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema mwezi wa 11 kwamba inaaminika waliouawa ni mamia, na kwamba kuna familia zinatafuta miili ya ndugu zao hazijaipata. Serikali imeunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Mpaka Desemba 2025, serikali ilikuwa haijatuambia waliokufa ni wangapi. Achilia mbali nani alitoa amri.

Madai yetu ni matatu, yashikeni kichwani.

La kwanza, majina. Tume na serikali watoe orodha ya waliokufa, mahali walipofia na sababu ya kifo, na miili irudishwe kwa wenyewe. Sheria ya uchunguzi wa vifo tunayo tangu 1980, hakuna haja ya kutunga mpya.

La pili, ripoti itolewe yote, hadharani, na aliyefyatua pamoja na aliyeamuru wafikishwe mahakamani. Askari mdogo asitolewe kafara peke yake.

La tatu, mturudishie mlango wa Arusha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko kwenye ardhi yetu. Lakini Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililomruhusu Mtanzania kwenda pale moja kwa moja kuishitaki nchi yake. Mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa. Mgeni anakuja kutafuta haki Arusha, mwenye nyumba anakaa nje!

Nimalize na sisi wenyewe, na hapa nitawaudhi baadhi yenu. Nimeona vijana wetu wanarusha namba mitandaoni. Mmoja anaandika mia, mwingine elfu, mwingine anaongeza sifuri. Ndugu zangu, ukitia chumvi kwenye vifo unamsaidia muuaji. Akikukuta na uongo mmoja, atautumia kuzika ukweli mia. Kumi uliowahakikisha wana nguvu kuliko elfu uliowasikia kijiweni.

Basi tufanye kazi ya polepole. Nendeni kwa familia, kwa heshima, kama mnavyokwenda kuhani msiba. Wakikubali, andikeni jina, umri, siku, mahali, nani aliona. Wakikataa, shukuruni mwondoke, maana wana hofu na wana sababu. Msipige picha za marehemu mkazirusha. Jina la shahidi lisitoke kabisa mpaka awepo wakili. Na kama kuna askari alikufa, naye aandikwe, ana mama pia.

Hapa ziwani mtumbwi ukipinduka, hakuna anayeuliza marehemu alikuwa chama gani. Wavuvi wanatoka usiku, wanatafuta, wanahesabu, mpaka wa mwisho apatikane. Hatuidai serikali kitu kigeni. Tunaidai ifanye kile ambacho mvuvi wa Kibirizi anakifanya bila mshahara.