Karani Apimwe kwa Kazi Yake



Mwananchi anapofika ofisini kutafuta haki yake, hakutani kwanza na Mkurugenzi. Hukutana na karani. Jalada lake likipotea masjala, uamuzi mwema wa wakubwa hautamfaa kitu. Kwa hiyo namna ya kumchagua karani si jambo dogo. Ni suala la haki ya umma.

Mwezi Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 walifurika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanyiwa usaili wa nafasi 70 tu za Idara ya Uhamiaji. Penye umati kama huo mtihani wa kuandika hauepukiki, na unayo fadhila yake: karatasi yenye namba badala ya jina haijui huyu ni mtoto wa nani. Lakini mtihani unaodai maelezo ya vitabuni humpima mwenye kukariri, si mwenye kutenda. Usaili wa ana kwa ana nao, usipopangiwa maswali na alama mapema, hufungua mlango wa upendeleo na humtukuza msemaji kuliko mtendaji.

Hapana budi mwombaji apewe kazi yenyewe: barua 10 azipange katika majalada, hesabu yenye kosa aikague, lalamiko la mwananchi alijibu kwa Kiswahili safi. Nusu saa ya kazi hiyo itaeleza mengi ambayo cheti hakielezi.

Kuna pia suala la kesho. Kwa miaka mingi matangazo ya kazi za makatibu mahsusi yalidai hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 80 kwa dakika. Leo programu za kompyuta hugeuza sauti kuwa maandishi. Je, kijana aliyefunzwa kasi ya mkono atupwe? La, hasha! Mashine huweza kuandika hata neno ambalo halikusemwa, wala haiwajibiki kwa kosa hilo. Kuhakiki, kutunza siri, kutambua lenye haraka na kumsikiliza mnyonge ni kazi ya binadamu. Hayo ndiyo yapimwe mlangoni, na ndiyo yafundishwe shuleni na kazini.

Tena, ofisi itakayoacha kuajiri makarani kwa sababu mashine zipo, itawapata wapi wakuu wa masjala wa kesho? Samaki mkunje angali mbichi.

Anayeajiri karani leo anamchagua mlinzi wa haki ya mwananchi kwa miaka mingi ijayo. Asimchague kwa jina wala kwa cheti kitupu. Amchague kwa kazi.